Shikamoo ya Njia Panda

Kigari kilifika Lushoto ndani ya kontena la usharika rafiki wa Ujerumani, katikati ya maboksi ya nguo za watoto na vitabu vya nyimbo. Kilikuwa na magurudumu manne, kiti cheusi, usukani kama wa pikipiki na kikapu kwa mbele, nacho kilitembea kwa betri. Mchungaji alipouliza kanisani ni nani anayekihitaji, watu waligeuka wote kumtazama Yudith Shemboza. Yudith alikuwa fundi cherehani, mjane, na miguu yake ilikuwa imekufa kwa miaka kumi, tangu lori la kabichi lilipopinduka kwenye kona za barabara ya Mtae akiwa amekaa juu ya mzigo.

Hakupewa moja kwa moja. Baraza la wazee wa kanisa lilisema atakitumia kwa mwezi mmoja huku likimwangalia. Barabara za milimani si za kuchezea, walisema, na kikileta matatizo kitapelekwa kwa mhitaji mwingine kule tambarare, Korogwe. Yudith alikubali. Angekubali hata wiki moja.

Kwa miaka kumi alikuwa mtu wa kubebwa. Asubuhi bintiye Janeth alimbeba mgongoni kutoka nyumbani hadi barabarani. Hapo Twaha, dereva wa bodaboda, alimpakia na kumfunga kiunoni mwake kwa kanga asije akadondoka. Sokoni alishushwa na yeyote aliyekuwa karibu, akawekwa mbele ya cherehani yake ya kuzungusha kwa mkono, na pale alipowekwa ndipo alipokaa hadi jioni. Alijizoesha kutokunywa chai asubuhi, ili asije akahitaji kumwomba mtu ampeleke chooni. Mambo hayo hakuwahi kumweleza mtu. Alimweleza Mungu tu, kwa kifupi, maana alidhani anayajua.

Aliyemfundisha kuendesha ni Faraji, fundi pikipiki mwenye gereji yake jirani na soko. Kitabu kilichokuja na kigari kilikuwa cha Kijerumani, wakafuata picha. Faraji aligundua kwamba kioo cha kutazama nyuma kilifungwa upande wa kushoto, kwa sababu huko kilikotoka watu huendesha kulia. Akakihamisha. Akachomeka ufito wenye kitambaa chekundu nyuma ya kiti, ili madereva wa malori wamwone, akampa na kizibao chake cha rifleta. Alimfundisha kukaa kushoto pembeni, kugeuza kitufe kwenye picha ya kobe, yaani mwendo wa polepole, kabla ya kuanza mteremko na siyo katikati yake, na kutokutoka kabisa ukungu ukiwa mzito. Kila walipofika njia panda alimsimamisha kabla ya lami, akamtaka atazame kulia, kushoto, kisha kulia tena, na kusema kwa sauti alichokiona.

Jambo la mwisho alilirudia kuliko yote. Chini ya mkono wa kulia kulikuwa na kishikio kidogo cha chuma. Ukikibana, kigari kinakwenda. Ukikiachia, kinasimama papo hapo, breki zinajifunga zenyewe.

"Nyumbani, kusimama hivyo ni usalama wako," Faraji alisema. "Njia panda ni kaburi lako. Ukishaingia barabarani, mama, usiachie mpaka umetoka."

Yudith alijifunza haraka. Wiki ya kwanza alikwenda sokoni peke yake, akarudi peke yake, na asubuhi ya Jumamosi alikunywa vikombe viwili vya chai. Twaha alimkuta akipanda na kigari, akapunguza mwendo akaenda naye sambamba, akilalamika kwamba mama huyu amemwachisha kazi, sasa ile kanga atamfunga nani. Yudith alimwambia amfunge mkewe, asimtoroke. Twaha alicheka hadi pikipiki ikayumba.

Lakini wiki ya pili Secilia, aliyekuwa akishona meza ya jirani, aliinamia kazi yake na kusema kama mtu anayeuzungumzia uzi.

"Siku hizi unapita kama mheshimiwa. Wazee wanabaki na salamu zao mdomoni."

Yudith aliuliza ni wazee gani. Secilia akamtajia mmoja, na huyo alitosha. Mzee Kristian alikuwa mzee wa kanisa, naye alikuwamo katika baraza. Kila asubuhi alikaa kwenye benchi la duka lililo ng'ambo ya njia panda, pale ambapo barabara inayoshuka kutoka Magamba inakutana na ile ya sokoni. Alikuwa amewaambia wenzake kwamba Mama Janeth amempita mara tatu kama anayepita jiwe, na kwamba kama kitu hicho kinamfundisha mtu kiburi, basi hakikutoka kwa Bwana.

Yudith alikuwa amemwamkia mara zote tatu. Alikuwa amesema shikamoo kwa mdomo, macho yakiwa barabarani, mkono wa kulia ukiwa umebana chuma. Lakini Mzee Kristian hakusikia vizuri, na hata angesikia, hiyo haikuwa salamu. Mwanamke wa Kisambaa anayemwamkia mzee hushuka kidogo kwa magoti. Yudith, kwa kuwa magoti hayakuwapo tena, heshima yake yote alikuwa ameihamishia mikononi. Alitanguliza mkono wa kulia, akaushika kwenye kiwiko kwa mkono wa kushoto, na kuinamisha kichwa. Kwa miaka kumi watu walimjua kwa salamu hiyo. Ilihitaji mikono yote miwili.

Alikwenda kwa Faraji kumuuliza afanyeje. Faraji hakuona tatizo.

"Njia panda hakuna shikamoo. Vuka kwanza, simama pembeni, kisha mwamkie hata mara mia."

"Akiniita nikiwa katikati?"

"Mwache aite."

Ilikuwa rahisi kwa Faraji kusema hivyo. Mwezi ulikuwa unaisha Jumapili. Yudith alisali usiku na asubuhi, na ombi lake lilikuwa moja. Kuponywa miguu aliacha kuomba mwaka wa nne. Aliomba tu aachiwe kigari. Aliomba Mzee Kristian alegezwe moyo, na alipomaliza alijisikia vibaya kwamba alikuwa amemsemea mzee kwa Mungu.

Ijumaa asubuhi mvua ilikuwa imenyesha, lami ilikuwa na matope yaliyoletwa na matairi ya malori. Ukungu ulikuwapo, lakini si mzito. Duka la ng'ambo lilionekana. Yudith alisimama kabla ya lami. Alitazama kulia, kushoto, kisha kulia tena, akasema kwa sauti kwamba hakuna kitu. Akabana chuma, akaingia.

Alikuwa amefika katikati Mzee Kristian aliponyanyuka kwenye benchi lake. Alikuja hadi ukingo wa barabara, fimbo mkononi, akamtazama usoni.

"Mama Janeth," aliita.

Baadaye Yudith alijaribu mara nyingi kukumbuka kama aliamua. Alikumbuka kwamba aliifikiria Jumapili. Alikumbuka kwamba sauti ya mzee haikuwa ya ukali, na kwamba alisikia moyoni kwamba ombi lake limejibiwa. Lakini mikono hakuiamuru. Ilitoka yenyewe kwenye usukani, wa kulia mbele, wa kushoto kwenye kiwiko, na kichwa kikainama.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

Kigari kilikuwa kimesimama. Mzee Kristian aliuliza habari za nyumbani. Yudith akajibu kwamba ni nzuri. Akauliza habari za Janeth, naye akajibu. Mtu hamkatishi mzee salamu. Mzee alikuwa anauliza habari za kazi, na Yudith alikuwa amefungua mdomo kumjibu, aliposikia pikipiki ikishuka kutoka Magamba.

Alikuwa Twaha, na nyuma yake alikuwa amefunga gunia la karoti. Bila shaka alikiona kitambaa chekundu ndani ya ukungu, kwa sababu breki zililia mapema. Yudith alirudisha mkono kwenye chuma, lakini vidole vilikuwa vimelowa na havikukipata mara moja. Pikipiki iliteleza kwenye matope. Twaha angeweza kuja moja kwa moja. Aliugeuza usukani kushoto, akapita mbele ya magurudumu ya kigari, akaenda kwenye ukingo wa zege wa karavati. Gunia lilimfuata. Karoti zilisambaa barabarani, na kwa muda ndicho kitu pekee kilichokuwa kikitembea.

Twaha hakupiga kelele. Alilala chali mtaroni na kumwambia Faraji, aliyekuja mbio na spana mkononi, kwamba asimshike miguu, amwambie kwanza kama ipo.

Askari wa usalama barabarani alikuja, akapima, akaandika kwamba dereva wa bodaboda alikuwa na mwendo usiofaa kwa mteremko wenye utelezi. Twaha mwenyewe, kabla hajapelekwa hospitali kubwa, alikubali kwamba alikuwa anawahi. Kila aliyemtembelea Yudith wiki hiyo alimwambia hivyo hivyo: alikuwa na mwendo. Janeth alimwambia, Secilia alimwambia akilia. Yudith aliwashukuru wote. Alijua kilichotokea. Alikuwa amefundishwa neno moja kuliko mengine yote, akaliacha ili aonekane ana adabu.

Jumapili baraza lilikaa. Yudith alikwenda akiwa amebebwa, tayari kusema kwamba wakichukue. Hakupewa nafasi. Mzee Kristian alisimama kwa taabu na kusema kwamba alimkosea mama huyu. Alisema amejionea mwenyewe, kwa macho yake, kwamba kigari hakijampa kiburi, kwa maana alisimama katikati ya barabara ili kumpa mzee heshima yake. Ajali ni ajali, alisema. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mchungaji akaomba, na kigari kikawa mali ya Yudith Shemboza.

Hakukipanda tena. Kilikaa ukumbini nyumbani kwake, kimefunikwa turubai, na Janeth akarudi kumbeba. Faraji alikuja mara moja kumshawishi. Alisema kosa limeshamfundisha, kwamba sasa ndiye dereva salama kuliko wote Lushoto. Yudith alimwomba asirudie kumwambia hivyo. Faraji aliichaji betri ili isife, akaondoka, na hakurudi kwa maneno hayo.

Baada ya wiki saba Twaha alirudishwa nyumbani. Habari zililetwa na Salama, mkewe, ambaye alikuja kwenye meza ya Yudith sokoni, mtoto mgongoni, akasimama bila kukaa. Alisema Twaha anauliza mbona mama hajaja kumwona. Yudith hakuweza kusoma kitu usoni mwake.

Usiku ule Yudith alipata wazo, akaamini kwamba amepewa. Atampa Twaha kigari. Yeye ameshazoea mgongo wa Janeth. Twaha ni kijana wa miaka thelathini na moja, ana mtoto mdogo. Akiweza kufika mjini, hata kuuza vocha pale stendi ya pikipiki, atakuwa bado ni mtu. Kwa mara ya kwanza tangu ile Ijumaa alilala hadi alfajiri. Asubuhi alichukua ufunguo, akaukunja kiganjani, na kumwambia Janeth waende kumpa Twaha kigari.

Twaha alikuwa amelazwa chumba cha mbele, mto mgongoni, dirisha likiwa wazi. Alikuwa amekonda. Alimwamkia Yudith kwa furaha ya kweli, akamkaribisha kwenye kiti, akamwambia Salama alete chai. Alimtania Janeth kwamba sasa amekuwa bodaboda, aangalie asije akadaiwa leseni. Yudith alisema pole. Alisema nisamehe, maneno aliyokuwa ameyatayarisha kwa wiki saba, na Twaha akayapungia mkono kama anayefukuza nzi. Alisema yeye ndiye aliyekuwa anakimbia.

Kisha akashusha sauti, maana Salama alikuwa anarudi na birika.

"Mama, wewe ndiye unayejua. Madaktari wananizungusha, mara hivi, mara vile. Ulikaa muda gani ndipo ukaanza kuzisikia?"

Yudith hakuelewa mara moja.

"Kusikia nini?"

"Miguu. Mimi wiki ya saba hii, bado. Nataka kujua tu ni lini, ili nisihangaike."

Salama alikuwa amesimama mlangoni na birika. Hakumtazama mumewe. Alimtazama Yudith, na sasa Yudith aliweza kusoma. Salama alikuwa ameshaambiwa.

Ufunguo ulikuwa kiganjani. Yudith alifikiria kuufungua mkono, akaona kwamba hawezi. Mtu atakayepona hapewi kigari. Kumpa ni kumjibu. Na kumwacha bila kigari ni kumwacha kitandani, na kila siku atakayokaa kitandani itakuwa siku ambayo yeye, Yudith, angeweza kumwondolea. Njia zote mbili zilipita juu ya mtu huyu.

"Tumwombe Mungu," alisema.

Kabla ya hapo hakuwahi kulitumia jina hilo kumfunga mtu mdomo. Twaha alitikisa kichwa kwa utulivu, kama aliyepewa tarehe.

"Inshallah. Nikipona nakubeba tena, mama. Ila safari hii nafunga kanga mbili."

Alingoja acheke, na Yudith akacheka. Walikunywa chai. Salama alimmiminia kikombe cha pili bila kumuuliza, akakiweka mbele yake, na vidole vyake viligusa mkono uliofungwa, vikaondoka.

Njiani kupanda, Janeth, akihema chini ya uzito wa mama yake, aliuliza kama amemkabidhi ufunguo. Yudith aliegemeza shavu kwenye bega la mwanawe na kujaribu kusali, kama alivyofanya kila siku ya maisha yake katika kipande hicho cha njia. Akaanza, akanyamaza. Maneno pekee yaliyomjia ni yale aliyomwambia Twaha.