Nyasi Zenye Masizi

Barua ya nne ilifika Jumanne, na kama zile tatu za kwanza ilikuja na tita la nyasi za kuezekea. Manubhai mwenye duka, ambaye sanduku lake la posta pale Old Korogwe lilipokea barua za nusu ya Handeni, alilivuta tita kutoka nyuma ya magunia ya chumvi, akalikaza upya kwa kamba ya mkonge.

"Safari hii ni kubwa, mama. Mtoto anakupenda huyo."

"Angenipenda asingeziezua," Mwaija akajibu, akajitwika, akaenda zake kwenye lori.

Nyasi zilikuwa zake, za paa lake la zamani. Upande mmoja ulikuwa na masizi ya jiko lake la miaka ishirini. Mwaka wa sabini na nne, mwanawe Mhina akiwa mgambo, alitumwa kuezua nyumba za waliokawia kuhamia kijiji kipya cha ujamaa. Paa la mama yake alilipanda mwenyewe. Mwaija hakumlaani. Alimnyima radhi tu, na tangu siku hiyo hawakusemezana.

Sasa Mhina alikuwa vitani Uganda. Barua zake zilikuwa fupi: hajambo, huko mvua ni nyingi, je, nyumba haivuji? Kuomba radhi hakuomba. Mwaija, aliyejifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima, alitafuta neno hilo mstari kwa mstari, asilione. Kichwa kigumu Mhina alikuwa amekirithi kwake.

Nyasi alizipeleka mahame, kule walikohamishwa, kwenye kuta zake za zamani, akaezeka kwa mkono wake. Lilipobaki pengo moja alikaa chini yake, hana hata wa kumkaribisha ugali, na upweke ukamuuma kuliko hasira. Akachukua kalamu. "Mwanangu Mhina, radhi zangu unazo zote. Rudi."

Barua ilirudi baada ya wiki saba, haijafunguliwa. Juu ya jina la Mhina palipigwa mhuri: MAREHEMU. Manubhai alimpa kwa mikono miwili, kisha akamletea tita la mwisho, dogo, la kutosha pengo.

"Pole, mama," alisema. Akafunga duka kabla ya adhuhuri.

Mwaija akaliziba pengo. Mvua za mwisho za masika zikanyesha, nyumba isivuje hata tone. Alilia siku tatu, mahali pakavu.

Siku ya nne katibu wa kijiji alikuja na mgambo wanne. Alilitazama paa, akasema kazi ni nzuri, ila kuishi mahame ni marufuku, hata nyumba ikiwa imerudi kwa posta.

"Shikamoo, mama," walisema mgambo, ngazi begani.

"Marahaba, wanangu. Ngojeni kwanza." Akawawekea mkono kichwani, mmoja mmoja. "Mama zenu wana zao. Hizi ni radhi zangu, chukueni kabla hamjapanda. Nilizichelewesha mara moja."

Wakazipokea wote wanne, wakashukuru, wakapanda kuezua.