Kanda Kumi na Nne za Mama

Jumamosi saa tatu asubuhi, kitinda mimba aliiweka deki ya video ya mtumba juu ya meza ya kulia, akafungua mfuniko, akaisafisha ndani kwa pamba yenye spiriti. Studio ya mjini ingezihamisha kanda zote kwenye diski kwa wiki moja, lakini kaka mkubwa, mkono wa birika tangu utotoni, alisema familia haina bajeti ya anasa. Kwa hiyo deki ilitoka kwa fundi redio, pamoja na waya wa kuiunganisha na kompyuta.

Fundi alikuwa amemwonya. "Kanda ya saa mbili inataka saa mbili, dada, hakuna njia ya mkato. Na hizi zimeota ukungu. Zitacheza mara moja tu, kisha basi."

Kanda zilikuwa kumi na nne, zote za sherehe, zote zilirekodiwa na marehemu baba. Ya kwanza ilikuwa mahafali ya kaka wa pili. Dakika ya nne mama alipita kwenye picha na sinia la vikombe, akatokea upande wa kulia wa kioo cha kompyuta, akaingia sebuleni. Alikuwa amefariki miaka sita iliyopita.

"Shikamoo, mama," alisema kitinda mimba.

"Marahaba, mwanangu. Vyombo vya jana mbona vimelala?"

Akaenda jikoni, akaviosha. Kanda ilipokwisha alirudi alikotoka, mikono ikiwa na povu. Deki ikaitema kanda ikiwa imesagika.

Kaka zake walipigiwa simu. Kaka wa pili alifika jioni ileile na mfuko wa mashuka machafu.

"Yupo hata hivyo," alisema. "Kwani kazi inamwua?"

"Ilishamwua," alijibu kitinda mimba. Kaka wa pili akajitia hamnazo, akauliza sabuni iko wapi.

Tangu hapo kila kanda ilichezwa na nguo zikisubiri. Kitinda mimba alikaa mbele ya kompyuta akitafuta kitu kimoja tu: picha ya mama amekaa. Kwenye harusi mama alikuwa amesimama. Siku ya kutimiza miaka hamsini, keki yake mwenyewe aliikata, akaigawa, akapangusa kisu. Kitinda mimba alishikwa na hasira hadi meno yakamuuma, na hasira haikuwa ya kaka zake peke yao. Kwenye keki ile alimwona msichana wa miaka tisa, gauni jipya, ameketi, anagonga meza kwa kijiko kwa sababu soda imechelewa. Alikuwa yeye.

Kaka mkubwa alitaka yote yaenee kwenye diski moja.

"Vile vipande vya mama akipitapita, kata," alisema. "Hakuna kinachotokea pale."

Kitinda mimba alivikata, ili aone itakuwaje. Sahani zikafika mezani zenyewe, zikielea usawa wa kifua, na wageni wakazipokea bila kugeuza shingo. Kaka mkubwa alizitazama mpaka mwisho akasema iko sawa, hakuna atakayegundua. Kitinda mimba akavirudisha vyote, akanunua diski nyingine kwa pesa zake mwenyewe. Lakini ndani ya diski mama hakutoka. Alipita tu na sinia, mdogo kama kidole, akaishia ukingoni.

Ikabaki kanda ya kumi na nne. Jumapili mchana kaka wote wawili walikuja, kila mmoja na beseni lake. Mama alitoka dakika ya pili, akasalimia, akakunja mikono ya gauni, akaenda uani, akainamia mashuka.

Kitinda mimba alimpelekea kiti, kile chenye mto. Akamshika bega, na bega lilikuwa na joto.

"Mama, acha. Kaa. Nakuomba, kaa hata kidogo."

Mama alikitazama kile kiti kwa muda mrefu. Akakausha mikono, akaupapasa mto.

"Kiti kizuri," alisema.

Akakipangusa kwa upindo wa gauni, akakinyanyua, akakipeleka sebuleni alikosimama kaka mkubwa akiangalia kioo.

"Kaa, baba," alimwambia. "Utachoka."

Kaka mkubwa akakaa. Kanda ilikuwa imebakiza dakika kumi na moja, na beseni la pili lilikuwa halijaguswa.