Ngazi za Boma la Karema

Mimi nimekuwa nesi miaka thelathini na minne, na nikipanga kitu, kimepangika. Ndiyo maana jumuiya yetu ya Majengo, hapa Mpanda, ilipoamua kuwapeleka wazee Karema, kule ziwani, kutembea siku moja, hawakujisumbua, wakanitupia mimi. "Nesi Specioza, wewe unayajua magonjwa yao." Nayajua. Na ubishi wao naujua pia.

Wazee walikuwa sita, ila safari yenyewe ilikuwa ya mmoja, Bibi Suzana. Ana miaka themanini na kitu na macho yake yanazimika. Daktari alisema mbele yangu: presha ya macho imeshakula sana, akifika Krismasi bado anaona walau mwanga, ashukuru Mungu. Tulipotoka pale hakulia. Alinishika mkono akasema, "Specioza, nataka kuliona ziwa kutoka juu ya boma. Mara moja tu, basi." Boma ni ile ngome ya zamani waliyoijenga Wabelgiji, ikaja kuwa misheni. Alisoma hapo kwa masista akiwa msichana, na jioni walikuwa wanapandishwa juu ya ukuta kusali huku wanayatazama maji. Nikamwambia, utaliona, mama. Nikawa nimejifunga mwenyewe.

Wiki mbili kabla nilitangulia peke yangu kukagua. Vyoo nilikuta vya kuchuchumaa, nikarudi kumwagiza fundi kiti cha mbao chenye tundu katikati. Nikachagua kivuli cha kulia chakula. Nikahesabu ngazi za mawe za kupandia ukutani: thelathini na moja, nyembamba, hazina hata pa kushika. Nikaandika kwenye daftari langu: kusimama kila baada ya saa moja, samaki migebuka wa kuchemsha wasio na chumvi, Mzee Kasimiri apekuliwe kabla ya kupanda gari, maana anatembea na chumvi mfukoni. Na Bibi Suzana abebwe kwenye kiti na wanaume wawili wenye nguvu.

Hapo kwenye kubebwa ndipo nilipotumia akili. Gari lilikuwa Haisi ya Luhende, na Luhende ni mkwe wa Bibi Suzana, kamuoa binti yake Romana. Wote ni Wakonongo, na ukwe kwao si mchezo. Miaka ishirini na sita Luhende hajawahi kumshika mkono mama mkwe wake, hajala mbele yake, hajamtazama usoni. Alimjengea nyumba ya bati na kumchimbia kisima, yote hayo akiwa ameinamisha kichwa. Wakikutana njiani, mmoja anaacha njia. Hilo nilikuwa nalijua, usinione mjinga. Nikamwacha Luhende kwenye usukani wake, nikawachukua wadogo zake wawili, Venant na Obadia, mafundi matofali, mabega mapana kama milango. Nikajisifu kimoyomoyo.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Luhende alikuwa amekifunika kwa taulo kile kioo cha ndani, asije akamwona mama mkwe kwa bahati mbaya. Bibi Suzana alikaa kiti cha nyuma kabisa, kanga imemfunika mpaka kwenye paji la uso. Kila alipotaka tusimame alisema, "Romana, mwambie huyo bwana asimame kidogo." Luhende anasikia vizuri tu, lakini anaendelea kuendesha mpaka Romana arudie, "Baba Arcade, simama kidogo." Ndipo anasimama.

"Jamani," akalia Mzee Kasimiri, "mie nitajikojolea huku ujumbe bado uko njiani!"

Tulicheka mpaka Karema. Tulikula, tukapumzika, choo changu kikasifiwa na kila mtu. Saa nane nikamkalisha Bibi Suzana kwenye kiti chini ya zile ngazi, nikapiga makofi. "Haya, Venant, Obadia. Shikeni."

Wakatazama chini wote wawili.

"Nesi," akasema Venant, "huyo si ni mama mkwe wetu?"

"Mkwe wenu kivipi? Kwani Romana mlimuoa nyie watatu?"

"Mama mkwe wa kaka ni mkwe wetu sote. Hatuwezi kumshika."

"Na mbona mlikubali kuja?"

"Ulisema tutabeba wazee. Hukusema ni mama."

Ee Mungu wangu. Miaka yote hii Mpanda, na mimi nilidhani hiyo aibu ni ya aliyeoa peke yake. Nikawasema, nikaisema mila yao, nikamsema na Luhende aliyekuwa amesimama nyuma ya gari ametupa mgongo. Nikakimbia kutafuta watu pale misheni. Palikuwa na msiba kijijini, wanaume wote wameenda kuzika. Nikarudi, nikamwambia Romana ashike mbele, mimi nyuma. Ngazi ya tatu kiti kikalala upande, kidogo tumwangushe.

"Niteremsheni," akasema Bibi Suzana. "Mtaumia bure."

Tukamteremsha. Akageuza uso kule upepo ulikokuwa unatoka. "Hapa hapa panatosha. Nitalisikia tu. Upepo wake naujua."

Mimi huwa siwalilii wagonjwa. Siku hiyo nililia, tena waziwazi, kwa sababu nilikuwa nimemwahidi mtu kitu kimoja tu, na wa kumrudisha tena kabla ya Krismasi hayupo.

Akanisikia nikivuta kamasi. Akauliza, "Romana, ugali umebaki?"

"Umebaki, mama. Na samaki."

"Lete. Halafu mwambie huyo bwana aje hapa."

Romana akaelewa mara moja. Kwao hao, mkwe na mama mkwe wakishalishana, ile aibu inaisha. Lakini sharti aanze mama, na wengi wanakufa hawajaanza.

"Mama, una hakika?"

"Heshima hiyo ni yangu mimi. Nikitaka kuiondoa, naiondoa."

Luhende akaja, mtu mrefu vile, akapiga magoti kwenye mchanga na kichwa chini. Bibi Suzana akafinya tonge, akachovya kwenye mchuzi, akanyoosha mkono. Mkono ukatafuta mdomo ukakosa, ukagusa sikio. Luhende akausogelea mwenyewe, akala. Kisha na yeye akakata tonge, akamlisha.

"Asante, mama," akasema. Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema naye neno.

"Haina chumvi," akajibu Bibi Suzana. "Ni huyo nesi."

Kiti hakikutumika tena. Luhende alichuchumaa akampandisha mgongoni, wakaanza ngazi. Mimi nyuma yao: polepole, shika ukuta, pumzika hapo! "Specioza," Bibi Suzana akasema kutoka huko juu mgongoni, "nyamaza, nibebwe."

Juu kulikuwa na jua na upepo. Ziwa lilikuwa lote pale mbele, na mitumbwi miwili mbali. Bibi Suzana akalitazama juu ya bega la mkwe wake, akitoa macho, akipindisha shingo kulitafuta kwa ile sehemu ya jicho ambayo bado inaona. "Ndilo," akasema. "Ndilo lenyewe. Bado liko vilevile."

Nilikuwa nimeweka dakika kumi za kukaa juani. Hazijafika hata tatu, akasema, "Niteremshe, baba."

Luhende akamkalisha ukutani taratibu, akapiga magoti mbele yake kumzuia asiyumbe. Na kwa mazoea akatazama chini. Bibi Suzana akamshika kidevu.

"Luhende," akamwita, kwa jina lake. "Ziwa nilishawahi kuliona. Wewe sijakuona. Inua uso, mwanangu, nikuone kabla macho hayajafunga."

Akainua. Machozi yalikuwa yanamchuruzika mpaka kwenye ndevu, na katikati ya kulia huko akashindwa kujizuia, akacheka. Bibi Suzana akasogeza uso wake karibu, karibu kabisa, akamtazama kwa muda mrefu.

"Kumbe una mwanya!" akasema. "Romana, miaka yote hii hukuniambia!"