Mti Namba Thelathini na Moja

Kila asubuhi, kabla hata ya chai, Profesa Bathsheba Adhiambo Maranga alifungua kompyuta kuona ni watu wangapi duniani wameitaja makala yake. Siku hiyo walikuwa mia sita na kumi na wawili. Jana walikuwa mia sita na kumi na mmoja. Alitabasamu peke yake, kisha akaona haya kama mtu aliyefumaniwa akilamba sufuria.

Msimdhanie kiburi. Wenzake chuoni walihesabu hivyo hivyo kwa ajili ya vyeo, na cheo yeye alikuwa nacho tayari. Yeye alihesabu kwa ajili ya jina. Kila aliyeitaja makala hiyo, awe Brazili, awe India, ilimbidi aandike Maranga. Na Maranga ni jina la babake, mvuvi wa Kisegi, aliyevuka ziwa kwenda Musoma mwaka wa 1989, akapata mke mwingine huko, akasahau kwake. Ndivyo Bathsheba alivyoambiwa. Alipoolewa alikataa katakata kubadilisha jina, mume akanuna wiki nzima. Alijiambia kwamba jina likisemwa na watu wengi, ipo siku litamfikia mwenyewe. Ni upuuzi, ndiyo. Mtu mzima wa miaka arobaini na minane, anamwita babake kwa makala za mimea! Lakini hamu haijui shahada.

Makala yenyewe, aliyoitoa mwaka wa 2009, ilihusu yago, mti ambao vitabu vya Kiswahili huuita mwegea, ule wenye matunda marefu mazito yanayoning'inia kwa vikonyo vyake. Bathsheba alizunguka kutoka Magunga hadi Sindo, akapata miti arobaini na miwili ambayo kila mmoja ulisimama peke yake, mbali na mito ambako yago hupenda kuota. Aliipima unene, akaupigilia kila mmoja kibati chenye namba. Kisha akauliza: nani alizileta mbegu huku? Akajibu mwenyewe: tembo. Tembo waliokula matunda hayo na kuyabeba tumboni, wakaondoka eneo hilo zamani. Miti ilikuwa minene, kwa hiyo aliihesabu kuwa mizee, ya miaka themanini, mingine mia. Akaandika kwamba miti hiyo bado inazaa kila mwaka, ikiwangoja walaji ambao hawatarudi.

Sentensi hiyo ndiyo iliyompa jina. Watu wa visiwa vya mbali waliinukuu wakizungumzia ndege wao waliokwisha. Iliingia kwenye vitabu vya wanafunzi. Hakuna aliyejua kwamba aliiandika akilia.

Mwaka huu alimtuma mwanafunzi wake wa uzamifu, Dorine, binti wa Sindo asiyechoka kuuliza maswali, aende akaipime miti ile upya. Bathsheba alikuwa likizoni Migori kwa mamake, Mama Roseline, fundi wa nguo, amegeuza baraza kuwa ofisi yake. Ndani cherehani ilikuwa ikikimbia. Dorine akaingia na daftari, uso umemkunjamana.

"Prof, hii kitu imekataa."

"Nini kimekataa?"

"Umri. Hakuna mti wa miaka themanini. Nimeuliza kina mama wenye miji. Huu wanasema ni wa 1967. Huu ni wa 1971. Huu wa karibu na soko ni wa 1984, mwezi wa tano. Prof, kwani nani hukumbuka mwezi tembo alipopita?"

"Na unene je?"

"Iko kando ya mazizi ya zamani yote. Imekula mbolea ya ng'ombe tangu ikiwa midogo."

Mbolea! Bathsheba alijishika kichwa. Kwa kosa hilo angemfelisha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

"Kuna bibi mmoja nikamuuliza nani aliupanda," Dorine akaendelea, polepole sasa. "Akanitazama kama mjinga. Akasema hawakupanda. Walizika."

Hapo cherehani ikanyamaza.

Jambo hilo Bathsheba alilijua. Nani wa ziwani asiyelijua? Mtu akizama na mwili usionekane, watu wake huchuma tunda la yago, wakalilaza kaburini mahali pake, wakalia, wakafukia, ili naye awe amefika nyumbani. Alilisikia tangu utotoni, akaliweka kwenye kapu la mambo ya wazee. Kwamba tunda likizikwa mbegu zake huota, profesa wa mimea hakuwahi kuliwaza. Alizunguka mara arobaini na mbili na futi ya kupimia, akiyapima makaburi kiunoni, akauliza habari za tembo.

Alilivuta daftari. Dorine alikuwa ameandika vizuri: namba ya mti, mwaka, jina la aliyepotea. Mistari arobaini na mmoja ilijaa. Mmoja ulikuwa mtupu.

"Thelathini na moja hukuuliza?"

Dorine alichezea kifuniko cha kalamu. "Huo uko kwenu, Prof. Nilidhani wewe unajua."

Mti namba thelathini na moja ulikuwa Kisegi, kwenye boma la babake, lililobaki mikononi mwa baba yake mdogo, Levi, mamake alipohamia Migori. Alipoupima mwaka ule wa 2009 alishangaa kidogo kwamba haukumbuki. Akajiambia watoto hawakumbuki miti. Akapiga msumari, akaenda zake.

Aligeuka kuutazama mlango wa ndani. Mamake hakutoka. Naye hakuingia. Kuna maswali ambayo ukiyauliza ndani ya nyumba huwezi tena kuyatoa, na aliogopa, tusifichane, aliogopa sana. Asubuhi yake aliwasha gari akaelekea Kisegi.

Levi alimpokea kwa furaha, akaagiza chai. Alikuwa mzee wa maneno machache. Bathsheba hakuketi. Alienda moja kwa moja hadi kwenye zizi la zamani, Levi akamfuata akikokota viatu vyake vya akala. Mti ulikuwa umezaa. Kibati kilikuwa palepale, gome limeanza kukimeza pembeni.

"Baba mdogo, hapa amezikwa nani?"

Levi alimkazia macho. "Unanijaribu?"

"Niambie tu."

"Si babako?" Alisema kwa upole, kama anayemkumbusha mtu aliyeamka usingizini. "Mashua ilipinduka Oktoba. Tulimtafuta siku nne, mimi nikiwa kwenye mtumbwi wa mbele. Hatukupata hata shati. Mamako alichagua tunda mwenyewe, akalifunga kwa koti lake, akalibeba kwa mikono yake kutoka mtoni. Mchungaji alikuwa ameshasema hataki kusikia mambo hayo. Tukazika alfajiri kabla hajafika."

"Nami nilikuwa wapi?"

"Shuleni Migori. Ulikuwa na mtihani wa darasa la nane baada ya wiki tatu. Ukoo ukakaa, tukakubaliana usiambiwe mpaka umalize." Akakitazama kibati. "Ulipokuja na nyundo ukampiga msumari, nilisema, lo, mtoto huyu ana roho ngumu. Kisha nikasema labda ndiyo elimu."

Kitu cha kwanza kilichomjia Bathsheba kilikuwa furaha. Aliona aibu baadaye, lakini ilikuwa furaha tupu: hakutuacha! Hakukuwa na mke Musoma. Hakukuwa na watoto wengine waliobebwa mabegani mwake. Alishika shina kwa mikono miwili, kidogo acheke. Kisha likaja la pili, kwamba hakuna tena wa kungojwa. Akaketi chini kwenye mavi makavu ya ng'ombe, akamlilia babake kwa sauti, miaka thelathini na mitano baada ya watu kumaliza. Levi alivua kofia akasimama naye, na chai ikapoa.

Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi. Ya Mama Roseline ilitoka Migori hadi Musoma, ikapitia Brazili na India, ikarudi Kisegi.

Jioni Bathsheba alimkuta mamake ameketi mbele ya cherehani bila kitambaa. Alikuwa amevaa kitambaa cha kichwa cha kanisani, na siku hiyo haikuwa Sabato.

"Umetoka kwa Levi," mamake akasema.

"Mbona hukuniambia, Mama?"

"Ulikuwa na mtihani."

"Mtihani uliisha mwaka huohuo!"

"Ukaleta mwingine. Kidato cha nne. Halafu chuo kikuu. Kila nikisema sasa, una mtihani." Alipangusa meza ya cherehani kwa kiganja ingawa ilikuwa safi. "Na kila likizo unauliza. Baba yuko wapi. Nikasema Musoma. Ukasema mbona haandiki. Unataka ningesema nini, nyathina, mwanangu? Nikasema ana mke. Nilidhani ukimchukia utaacha kumngoja."

"Sikuacha."

"Najua. Nilikuwa nakuona kila asubuhi na hiyo mashine yako. Unafikiri sijui unahesabu nini?"

Bathsheba alikuwa amekuja na hasira ya kutosha kuchoma nyumba. Aliitafuta asiione. Alimwona mwanamke wa miaka sitini na tisa ambaye, kwa ajili ya mtihani wa mtoto, alikubali Migori nzima imdhanie kaachwa, asilie mbele ya mtu, na amwite mzinzi mume aliyempenda. Bado alitaka kumpigia kelele. Badala yake alivuta kigoda akaketi karibu naye, goti kwa goti.

"Alinitaja?" aliuliza. "Siku ile anaondoka?"

"Alisema Jumapili atakuja shuleni akuone. Alikuwa amekufungia samaki."

Walilia wote wawili hapo, mkubwa na mdogo, na hakuna aliyemnyamazisha mwenzake.

Barua ya masahihisho aliiandika wiki hiyo. Dorine alimsihi afikirie kwanza. "Prof, watu mia sita wamejenga juu ya wale tembo. Watakucheka."

"Wacheke. Tembo wangu walikuwa kina mama waliobeba matunda mikononi. Na jina lako linakuja mbele ya langu, maana uliuliza nisichouliza."

Waliijaza upya ile safu ya jedwali inayosema mbegu ilifikaje. Mara arobaini na moja Bathsheba alifuta tembo akaandika watu, na Dorine akazunguka tena nyumba kwa nyumba kuomba ruhusa, kwa maana kaburi la mtu si data mpaka wenyewe waseme. Familia nyingi zilikubali. Nyingine zilikataa, na miti hiyo ikatolewa. Mstari wa thelathini na moja aliuacha wazi hadi mwisho.

"Huo andika jina langu," mamake alisema akiwa jikoni, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Nililibeba mimi. Lilikuwa zito."

"Uzito gani, Mama?"

"Kama wewe ulipozaliwa."

Jumapili walienda Kisegi. Mama Roseline hakuwa amekanyaga boma lile tangu alipohama. Bathsheba alikuwa na koleo mkononi, apate kuung'oa ule msumari, lakini alipoukaribia mti aliona kwamba ungetoka na gome. Akarudisha koleo mfukoni. Mamake alikuwa amebeba samaki aliyefungwa kwenye gazeti. Alimkabidhi bintiye, naye akampokea kwa mikono miwili, kama mtoto anayetembelewa shuleni.

Kisha mama akausogelea mti, akaweka kiganja juu ya kibati, akakohoa kidogo kama mtu anayebisha hodi.

"Baba Adhiambo," akasema. "Mtoto amemaliza mtihani. Nimemwambia."