Sakafu ya Nne

Mwanakombo aliamka, akajifunga kanga, akainama, akatoka chumbani. Kuinama huko hakukuwa heshima wala ibada. Ukipita wima katika mlango ule, kizingiti cha juu kinakupiga paji la uso, na hakijali kama wewe ni mgeni au ndiye mwenye nyumba.

Nyumba yenyewe haikujengwa fupi. Marehemu baba mkwe wake aliijenga na milango ya kupita mtu na ndoo kichwani. Ila tangu barabara ya lami ipandishwe juu ya vichwa vyao pale Bondeni, upande wa Kiwalani, kila masika maji yanaingia ndani, na kila yakiingia watu wanafanya kile ambacho Bondeni nzima inafanya. Wanamwaga kifusi ndani ya nyumba, wanakishindilia, wanapiga zege juu yake, wanapata sakafu mpya. Paa linabaki palepale, sakafu ndiyo inayokua. Kwa Mwanakombo ilikuwa imeshapandishwa mara tatu, na milango ikakatwa kwa msumeno mara tatu. Swichi ya taa, iliyokuwa usawa wa bega, sasa unaitafuta pajani. Dirisha la sebuleni lilikaa usawa wa magoti, mbuzi wa watu wakawa wanachungulia humo kutazama taarifa ya habari. Feni ya dari iling'olewa zamani, maana ingenyoa watu.

Wahenga wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hao wahenga hawakukaa Bondeni. Huku unaziba ufa, na ukuta unajenga vilevile.

Alikoleza mkaa, akabandika chuma cha chapati pale nje. Wateja wake walikuwa wapakiaji wa maghala ya njia ya uwanja wa ndege, na siku hizi walikuwa wachache, kwa sababu mizigo nayo ilikuwa michache. Mumewe, Mwishehe, alikuwa mmoja wao. Leo anaitwa, kesho anaambiwa asubiri simu. Mafuta ya kupikia yalikuwa yamepanda tena, na kila aliyeulizwa kwa nini hakuwa na jibu zaidi ya "dola, mama."

"Gaspar anakuja leo," Mwanakombo alisema mumewe alipotoka, naye ameinama. "Anataka jibu."

"Jibu si ulishampa wewe moyoni?"

"Baba Raudha, usinianze asubuhi."

Ishu ilikuwa hii. Zamu yake ya upatu ilikuwa imefika, na kwa mara ya kwanza tangu waoane walikuwa na fedha ya kufanya jambo kubwa kwa mkupuo. Gaspar, fundi ujenzi, alishasema sakafu ya nne haiwezekani kwa namna ile ya zamani, wataishia kutambaa. Dawa ni kuezua paa lote, kunyanyua kuta kozi sita za matofali, kujaza kifusi, kupiga zege, kisha kuezeka upya. Na mvua zilikuwa mlangoni.

Aliyekuwa akingojewa arudi nyumbani ni Bi Zubeda, mama yake Mwishehe, mzee na mgonjwa. Masika iliyopita maji yalimkuta kitandani, wakamkweza juu ya meza kama gunia la mchele, akashinda pale na tasbihi yake akiwatazama wanavyochota. Baada ya hapo shemeji, nduguye Mwishehe, akamchukua kwake Mbweni. Mbweni kuna vigae, kuna geti, kuna mabomba, lakini kila siku bibi alipiga simu. Hakuwa na maneno mengi. "Nirudisheni kwangu. Mie sitaki kufia kwenye nyumba ya vigae."

"Tukiezua halafu wakaniachisha kazi?" Mwishehe alisema. "Tutakaa na kuta zisizo na bati, mvua inatupiga utosini. Si bora haya ya miguuni?"

"Kwa hiyo mama yako afie Mbweni?"

Mwishehe alichukua chapati moja, akaondoka kwenda kusubiri simu kule maghalani, karibu na hapo simu inapopigwa.

Gaspar alifika chapati zikiwa zinaisha. Alizunguka nyumba akipiga kuta kwa kiganja na kutikisa kichwa.

"Mama, mie nakuwaga muwazi. Kuta zitabeba. Ila simenti bei niliyokupa jana, leo siyo. Na ya leo sikuapii kesho. Nondo usiseme. Kuna jamaa anabomoa jumba la zamani huko Temeke, ana kifusi safi, lori linashuka alasiri. Ukilikosa hilo, mengine yote yameshawahiwa. Bondeni nzima inataka kifusi."

"Na kibali?"

"Kibali?" Gaspar alicheka. "Kujaza kifusi ndani hakuna anayekuona. Kuezua paa, mama, utaonwa hadi na ndege. Kamuone mtendaji, usije ukawekewa stop oda, wakusimamishe ujenzi nyumba iko uchi."

Kabla hajavaa baibui, jirani alishafika. Mama Lusungu, Mnyakyusa wa Tukuyu, nesi mstaafu, nyumba yake na ya Mwanakombo zilitenganishwa na kichochoro cha kupita toroli. Katika kichochoro hicho ndimo karavati la barabara lilimotapikia. Mkandarasi alipitisha bomba chini ya lami, akaleta maji yote ya upande wa juu, halafu mtaro wa kuyapeleka mtoni ukaishia hapohapo. Waliambiwa mtaro uliobaki uko awamu ya pili. Watoto waliozaliwa wakati wa awamu ya kwanza sasa wanakwenda shule.

"Jirani, nasikia unanyanyua," alisema Mama Lusungu, mikono kiunoni.

"Umesikia vizuri."

"Ukinyanyua, maji yatakuja kwangu yote."

"Na wewe uliponyanyua mwaka juzi yalikwenda wapi? Si yalikuja kwangu? Mama mkwe wangu akalala juu ya meza!"

"Mie nilinyanyua kwa sababu wewe ulinyanyua mwanzo!"

"Mie nilinyanyua kwa sababu Elinaza wa kule juu alinyanyua!"

Walitazamana. Mama Lusungu akacheka kwa hasira, kicheko cha mtu aliyechoka. "Ndaga fijo," alishukuru kwa dhihaka kwa lugha ya kwao. "Yaani sie tunarushiana maji kama watoto wanaooga."

"Sina la kufanya, mwenzangu. Nina mgonjwa wa kurudisha nyumbani."

"Najua," alisema Mama Lusungu, akaondoka. Hakuaga, na kutoaga kwa jirani ni jambo.

Ofisi ya mtaa ilikuwa ng'ambo ya barabara, upande wa juu. Ilikuwa na ngazi mbili, sakafu ya kung'aa, na maua kwenye makopo ya rangi. Uwanja wake ulikuwa umewekewa mteremko mzuri kuelekea barabarani, hata ndoo ya kudekia ikimwagwa inashuka taratibu hadi kwenye karavati, inapita chini ya lami, inakwenda kuwasalimia Mwanakombo na Mama Lusungu. Mwanakombo alikaa kwenye benchi mpaka jasho likamkauka. Mtendaji, kijana aitwaye Augustine, alikuwa ndani akizungumza kwa simu juu ya mechi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuuliza. Nataka kuezua, ninyanyue kuta. Naruhusiwa?"

"Huo ni ukarabati mkubwa, mama. Unahitaji mchoro, barua, halafu mkaguzi aje. Na mkaguzi, unajua, hana mafuta ya pikipiki."

"Nitampa mafuta. Nijenge?"

Augustine alishusha sauti. "Tatizo, mama, kuna mradi unasemwasemwa. Upanuzi. Nyumba za Bondeni huenda zikaguswa."

"Zitaguswa ama hazitaguswa?"

"Hatuna taarifa rasmi."

"Lini mtakuwa nayo?"

"Ikija, mama."

"Sasa mwanangu, mie nijenge au nisijenge?"

"Siwezi kukukataza. Ila ukijenga halafu mradi ukaja, usidai fidia ya ulichoongeza. Na usipojenga, tahadhari yenu ya mafuriko tumeshaitoa. Tulisema watu wa mabondeni wahame."

Mwanakombo alipandisha sauti. "Wahame! Hili bonde mmelitengeneza nyie! Sie tulikuwa tambarare. Mmenyanyua barabara, mkatuacha shimoni, leo mnatuita watu wa mabondeni? Basi nijibu moja tu. Haya maji ya ofisi yako, yanayokuja kwangu, yaende wapi?"

"Awamu ya pili, mama."

"Awamu ya pili," alirudia Mwanakombo. Alisimama, na kwa mazoea akainama mlangoni, wakati mlango wa ofisi ile ulikuwa mrefu kuliko twiga. Hilo lilimuudhi kuliko yote.

Alirudi anaongea peke yake. Ajenge, wabomoe bila kumlipa. Asijenge, aogelee. Angoje, simenti ipande. Wangeandika ubaoni tu kwamba hawataki watu, ikaeleweka.

Alasiri lori la kifusi lilishuka likinguruma, Gaspar kaning'inia mlangoni, na Mwishehe yuko nyuma yake anatembea kwa miguu. Hakupata kazi siku ile. Simu haikupigwa.

"Mama, nimwage wapi?" dereva alipiga kelele. "Fanya haraka, nina tripu nyingine!"

Mbingu upande wa baharini ilikuwa imeshakuwa nyeusi. Mwanakombo alitazama nyumba, bati lenye kutu, madirisha yaliyokaa chini. Akamtazama mumewe, amesimama na shati lake la kazi lililokunjwa vizuri, halina hata vumbi. Mtu asiye na kazi, nyumba isiyo na paa, na mradi usio na taarifa. Haiwezekani. Jambo hilo alilijua tangu asubuhi, ila hasira ilikuwa imemkatalia kulikubali.

Kisha akamwona Mama Lusungu. Alikuwa mlangoni kwake, anabeba godoro la mjukuu kulipandisha juu ya kabati. Hagombi tena, anajiandaa tu.

"Mama! Wapi?"

"Rudi nyuma," alisema Mwanakombo. "Rudi mpaka kichochoroni. Hapo kwenye mdomo wa karavati."

Gaspar aliruka chini. "Mama, hapo unaziba!"

"Ndiyo. Naziba ufa."

"Maji yatarudi juu!"

"Yarudi kwa wenyewe. Kwani ni yangu?"

Dereva hakuwa na muda wa kuuliza. Bodi la lori likainuka, vipande vya jumba la watu la Temeke vikaporomoka, matofali, plasta ya kijani, hata kipande cha choo, vikaujaza mdomo wa bomba. Mama Lusungu aliweka godoro chini. Alisimama kidogo, akaelewa, akaingia ndani, akatoka na viroba vitupu na koleo.

"Bila viroba vya mchanga yatapenya," alisema kinesi, kama anayeelekeza namna ya kufunga kidonda. "Mwishehe, baba, shika hapa."

Mwishehe alimtazama mkewe. "Na kuezua?"

"Hatuezui."

"Na mama?"

"Jaza kiroba, baba Raudha."

Akavua lile shati safi, akajaza. Mvua iliwakuta wakipanga vya mwisho.

Ilinyesha mpaka alfajiri. Mwanakombo alishusha mguu kitandani akitegemea ubaridi wa maji, akakuta sakafu. Sakafu kavu, yenye vumbi lake la jana. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Kwao yalizoleka kila masika, kwa ndoo, na ile ilikuwa asubuhi ya kwanza ambayo ndoo zilibaki zimefunikwa.

Alikuwa ameshapindua chapati kadhaa Augustine alipotokea. Viatu vilikuwa mkononi, suruali imekunjwa mpaka magotini, na kwenye vidole vya mguu limenasa ua moja lililotoka kwenye makopo yale.

"Nani kaziba karavati?" alifoka. Hata shikamoo aliisahau. "Ofisi imejaa maji! Majalada yanaelea! Nani kafanya hivi?"

Mama Lusungu alikuwa amekaa kwenye kigoda akinywa chai ya Mwanakombo, na ya ofisini yote alishasimuliwa. Alipuliza kikombe chake polepole.

"Hatuna taarifa rasmi," alisema.

Wapakiaji waliokuwa wakila chapati waliinamisha vichwa wacheke vizuri.

"Mama, hili si la mzaha! Nitaleta greda! Nitawashitaki!" Kisha sauti ikamkatika, akatazama juu kwenye lami, akatazama miguu yake mwenyewe. "Sasa yale maji yote yaende wapi?"

Mwanakombo aliweka mwiko chini.

"Hilo swali nilikuletea jana, mwanangu, nikiwa nimevaa viatu."

Augustine aliondoka akipiga simu. Greda litakuja, hilo kila mtu alilijua. Kubomoa kwao kuna awamu moja tu, na haichelewi. Labda wiki hii, labda mvua zikipita. Kifusi kitaondolewa na maji yatarudi kwenye njia yake. Fedha ya upatu ilikuwa bado iko ndani ya pochi, pungufu ya lori moja, na simenti ilikuwa inapanda tu.

Mwishehe alikuwa nyuma ya mkewe, kashika simu.

"Mama kapiga tena. Kauliza kama maji yameingia. Nimwambie nini?"

"Mwambie ni pakavu."

"Nimwambie aje? Hata kwa siku mbili?"

Mwanakombo alitazama mlango wao, ule uliokatwa mara tatu, kwa muda mrefu mpaka chapati ikaanza kuungua.

"Mwambie aje leo," alisema. "Na umwambie akifika mlangoni asisahau kuinama."