Aliyepita Kando

Kwa miaka kumi na minne Gregory hakumruhusu mtu yeyote kutoka darasani kabla ya sala ya kufunga. Kanuni hiyo aliitoa katika seminari ndogo ya bweni alikosomea, akaileta Brussels bila kuipunguza hata nukta alipoajiriwa karani wa ubalozi wa Tanzania. Kila Jumapili baada ya misa, Wakatoliki wasemao Kiswahili walikusanyika katika chumba cha parokia ya Ganshoren, mtaa mmoja wa jiji hilo, naye akawafundisha Maandiko, chaki mkononi.

Jumapili moja ya Novemba 2011, somo lilikuwa Msamaria Mwema: mtu aliyejeruhiwa na wanyang'anyi njiani, kuhani na Mlawi wakampita kando, Msamaria mgeni akampandisha punda wake hadi nyumba ya wageni. Gregory aliandika ubaoni kama alivyofundishwa: aliyejeruhiwa ni Adamu, yaani wanadamu wote, wanyang'anyi ni dhambi, Msamaria ni Kristo, nyumba ya wageni ni Kanisa. Carine, Mkongomani asiyeishiwa utani, akauliza kama punda naye alikuwa na maana yake au alikuwa punda tu. Watu walicheka. Gregory akajibu, bila kucheka, kwamba punda ni mwili aliouvaa Kristo ili atubebe.

Carine hakukata tamaa. Kuhani na Mlawi, alisema, hawahitaji ubao: anayempita majeruhi njiani hana moyo, basi. Wengi waliitikia kwa vichwa.

Ndipo Régine, aliyeketi nyuma kabisa, alipozungumza. Alikuwa mkimbizi wa zamani kutoka Kivu, sasa akiwauguza wazee katika makao yao huko Berchem, mtaa wa jirani. Kwa miaka mitatu hakuwahi kupokea komunyo. Gregory alikuwa ameliona hilo, akalihesabu kuwa ulegevu.

"Papa Gregory, miye nilipita," alisema, akimwita baba kama wafanyavyo kwao. "Tulikuwa tunakimbia vita. Jirani yangu alianguka pa barabara, akaniita na jina yangu. Mutoto yangu alikuwa mu mugongo yangu. Nilipita. Alors, miye niko nani mu hiyo hadithi?"

Carine aliinamisha macho. Neno la kumpoza Régine lilimjia Gregory mdomoni, akalimeza; faraja isiyo na msingi aliidharau tangu ujana. Aliutazama ubao, mahali ambapo majina mawili, kuhani na Mlawi, yalikuwa bado hayajapewa maana.

"Mama Régine, siwezi kukuambia kwamba ulitenda vema," alisema taratibu. "Lakini walimu wa kale hawakuwaita hawa wawili watu wabaya. Walisema kuhani ni Torati, na Mlawi ni Manabii. Waliliona jeraha, nguvu za kumwinua aliyelala hawakuwa nazo. Ndiyo maana alihitajika mwingine."

"Na huyo mwingine alifika?"

"Kwa jirani yako, sijui. Kwa Adamu alifika. Na Adamu ni wewe pia."

Régine alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. Kisha akauliza kuhusu mtu mmoja ambaye Gregory hakumwandika kabisa: mwenye nyumba ya wageni.

"Huyo ndiye aliyeachiwa majeruhi," Gregory alisema, "akaambiwa amtunze mpaka Bwana arudi."

Régine alitazama saa ya ukutani. Zamu yake ilianza saa nane, na Berchem si karibu kwa mwenda kwa miguu. Alichukua mfuko wenye sare yake ya kazi.

"Bon, niende, papa. Bagonjwa bananingoja."

Sala ya kufunga ilikuwa bado. Darasa zima lilimgeukia Gregory. Aliweka chaki chini, akatembea hadi mlangoni, akaufungua mwenyewe na kuushikilia mpaka Régine alipopita.