Fonti ya Asali ya Bi Kuluthumu

Fathiya alirudi Biharamulo na cheti cha masoko, laptopu moja, na ubishi ambao hakuondoka nao. Shangazi yake, Bi Kuluthumu, alimpokea kwa mikono miwili, akamfungulia stoo ya duka lao la karibu na soko, akamwonyesha ndoo za asali zilizopangwa mpaka kwenye dari.

"Haya, mwanangu," akamwambia. "Umesomea kuuza. Uza."

Asali yenyewe haikuwa na kasoro. Ililetwa na Mzee Kazimili wa Runazi, Msukuma aliyehamia huko zamani akiswaga ng'ombe, kisha nyuki wakamnogea kuliko ng'ombe. Kasoro ilikuwa moja tu: kila aliyeijua asali hiyo alikuwa jirani, na jirani hanunui, huonja. Fathiya akasema dawa ni kampeni ya mtandaoni. Fesibuku, Instagramu na Wasapu, kote tangazo lile lile lenye sura ile ile, lirudiwe mpaka watu waliote.

Maneno aliyapata upesi: Asali Kila Siku. Chini yake, kwa herufi ndogo: Safi, haijachanganywa na kitu. Picha nayo ilijileta. Asubuhi moja alimfuata Mzee Kazimili msituni, akampiga picha jua likipenya katikati ya miti, mzee ameinua mikono yote miwili kuutundika mzinga mpya. Ilikuwa picha nzuri hata mpigaji mwenyewe akaistaajabia simu yake.

Kilichomtoa jasho kilikuwa fonti, yaani mtindo wa herufi. Alizipitia nyingi mpaka macho yakamwasha. Kosa lake la kwanza lilikuwa kuomba ushauri.

"Weka zile za kadi za harusi," alisema Bi Kuluthumu. "Zile zenye mikia."

"Shangazi, mikia ile kwenye simu ndogo inaonekana kama minyoo."

Mzee Kazimili, aliyekuwa akishusha ndoo mlangoni, naye hakunyimwa nafasi. "Weka zilizonona, binti. Kama zile za nyuma ya fuso. Fuso likikupita, vumbi halijatulia umeshalisoma."

"Mzee wangu, tunauza asali, hatuuzi saruji."

"Kwani anayenunua saruji hanywi chai?"

Fathiya akapumua kama mwalimu aliyepewa darasa gumu. Akawaeleza kwamba fonti ya kichwa cha tangazo ni kama nguo ya kutokea. Kazi yake ni kumsimamisha mtu anayepita mbio, amtazame aliyeivaa, aseme huyu si wa kawaida. Wazee wakasikiliza kwa adabu. Alipomaliza, Bi Kuluthumu akarudia kwamba mikia ni mizuri.

Basi Fathiya akajifungia na laptopu yake, na jioni akatoka na uamuzi. Alikuwa amechagua herufi nyeusi, nyembamba, zenye pembe na ncha kali, kama zile zinazoandikwa juu ya vyeti vya chuo. Bi Kuluthumu akavaa miwani.

"Zinachoma," akasema.

"Zina heshima, shangazi."

"Zina heshima kama polisi."

Lakini Fathiya alishaamua. Akayapanga maneno juu ya picha, makubwa, yakaufunika mzinga wote, akaona si kitu, maana jua na mikono ya mzee vilibaki vinaonekana vizuri. Wote watatu waliisoma "Asali Kila Siku" bila kukwama, kwa kuwa wote watatu walikwisha kujua imeandikwa nini. Akabonyeza, tangazo likaenda.

Halikukaa hata kidogo kabla ya kujibiwa. Komenti ya kwanza ilisema, "Amina." Ya pili, "Amina, mtumishi." Kisha zikaja kama mvua ya masika: Amina, Amina, na vijipicha vya mikono iliyounganishwa kwa sala, na watu wakilisambaza tangazo kwenye makundi ya Wasapu ya kwaya na ya vikoba. Hata Bwana Suleman wa duka la vitambaa, mtu asiyesifu kitu, aliandika, "Ukumbusho mzuri, binti yetu. Mola atuwezeshe."

Fathiya alikuwa haketi. "Unaona, shangazi? Fonti hiyo!"

Mtu mmoja wa Ngara aliandika, "Napokea." Fathiya akamjibu haraka, "Karibu sana. Utapokelea wapi?" Yule akajibu, "Hapa hapa nilipo, kwa imani." Fathiya akakunja uso. Akadhani anataka kukopeshwa, akamwacha.

Kisha simu ikaita.

"Haloo, naitwa Leonsia, napiga kutoka Nyamahanga," ilisema sauti ya mama mtu mzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeona lile tangazo lenu, limenigusa. Nina mzigo."

"Hakuna shida, mama, mizigo tunashughulikia."

"Ni mzito sana."

"Hata ukiwa mzito vipi, tunaupakia kwenye basi, unafika siku hiyo hiyo."

Mama Leonsia akasema taratibu, "Ngoja nije mwenyewe."

Akaja kweli, kesho yake, kwa bodaboda, amevaa kitenge cha kutokea na kanga ya pili mabegani. Fathiya akamkaribisha kwa bashasha zote. Mgeni akaangaza macho dukani, akaona sabuni, viberiti na ndoo, akaona na mtandio wa Fathiya, mashaka yakamjaa usoni.

"Mtumishi nimemkuta?"

"Mtumishi ni mimi, mama. Tunauza mimi na shangazi."

"Mnauza?" Mama Leonsia akarudi nyuma hatua moja.

Hapo ndipo Mzee Kazimili alipotokea stoo, amebeba ndoo mbili. Mama Leonsia akamtazama, akaitazama simu yake, akamtazama tena. "Ndiye huyu!" akasema, na kabla mtu hajamzuia akapiga magoti kwenye sakafu ya duka na kuinamisha kichwa mbele ya mzee.

Mzee Kazimili alikuwa mtu wa mizimu ya babu zake. Kanisani hakwenda, msikitini hakwenda, na tangu kuzaliwa hajawahi kupigiwa magoti na mtu asiye mke wake wala mtoto wake. Akasimama na ndoo zake, hajui azishushe au akimbie nazo.

"Binti," akamnong'oneza Fathiya, "huyu mama nimemkosea nini?"

"Mama, inuka," Fathiya alisema. "Tafadhali, nionyeshe ulichokisoma."

Mama Leonsia akainuka, akamwelekezea simu, akasoma kwa sauti, kidole kikifuata maneno: "Usali Kila Siku. Safi, haijachanganywa na kitu." Akamtazama. "Nikasema hawa ndio wenyewe. Maombi yasiyochanganywa na uganga."

Fathiya akaichukua simu. Kwa mara ya kwanza akaitazama ile herufi ya mwanzo kwa macho ya mtu asiyejua kitu. Ilikuwa wazi juu, imefumba chini. Ilikuwa U mchana kweupe. Na chini yake jua linapenya, na mzee ameinua mikono mbinguni, mzinga umefunikwa haupo. Amina zote zile zikamrudia kichwani moja moja. Akatamani stoo immeze na ndoo zake.

"Mama, nisamehe," akasema. "Siyo usali. Ni asali."

"Asali?"

"Ya nyuki."

Mzee Kazimili ndiye aliyeanza. Alishusha ndoo, akaikalia moja, akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Bi Kuluthumu akafuata, amejifunika mdomo kwa mtandio. Lakini mama Leonsia hakucheka, na Fathiya alipoona midomo yake inatetemeka, akawatupia wale wawili jicho.

Bi Kuluthumu akajirudi mara moja. Akavuta kiti. "Keti, dada yangu. Umetoka mbali. Mzigo wenyewe ni upi?"

Chai ikaletwa, na mama Leonsia akautua mzigo wake. Mumewe, Telesfori, aliteleza na kuanguka kwenye dimbwi mbele ya wakwe, amevaa suti. Yeye akacheka. Hakukusudia, kicheko kilimtoka tu. Tangu siku hiyo Telesfori hamsemeshi. Akitaka neno humwambia mbuzi. "Hukaa pale uani, anasema, wewe mbuzi, mwambie mwenye nyumba chumvi imezidi."

"Na mbuzi anakwambia?" aliuliza Mzee Kazimili, kwa dhati kabisa.

Ndipo mama Leonsia mwenyewe aliposhindwa kujizuia. Alicheka, akalia kidogo, akacheka tena. Bi Kuluthumu hakuwa na maombi ya kumpa, ila alikuwa na miaka mingi ya ndoa. Wakazungumza wawili hao kwa sauti ya chini mpaka chai ikaisha. Wakati wa kuondoka alimfungia chupa ya asali. "Usimwambie kitu. Mtengee na muhogo wa kuchoma, uondoke."

Jioni ile Fathiya akafuta tangazo. Akaandika jipya kwa herufi nene za mviringo, za fuso kabisa, akaweka na chupa ya asali mbele ya picha. Safari hii hakuwauliza wanaojua. Akatoka nje, akawasimamisha wapita njia, akiwaonyesha simu kwa sekunde moja tu na kuificha: "Umesoma nini?" Mwenye toroli akasema asali. Muuza nyanya akasema asali. Bwana Suleman akasema, "Asali. Na lile la mawaidha umeliondoa kwa nini?"

Laiki zilikuwa chache, Amina hakuna hata moja. Lakini mwenye hoteli mmoja wa Ngara akaagiza ndoo, na mwalimu wa Kibimba akaagiza chupa za kugawia wenzake. Siku iliyofuata mama Leonsia akatuma ujumbe wa sauti, akiongea kwa haraka kama mtu anayehofia kusikiwa. Telesfori alikuwa amekula muhogo wote, akalamba kidole, akamtazama machoni. "Leonsia, asali hii umeitoa wapi?" Jina lake kabisa, bila mbuzi katikati. Chupa nyingine mbili zilihitajika.

Fathiya alipakia mzigo wa Ngara kwenye basi na kwenda nao mwenyewe, simu ya duka akamwachia shangazi. Tangazo la kwanza lilifutwa, lakini watu walikwisha kulisambaza, na kutoka huko lilikoenda halikurudi. Bi Kuluthumu alikuwa hajakaa vizuri simu ilipoita.

"Hapana, baba, hapa si kanisani," akasema. "Hapa tunauza asali." Akasikiliza. Akavuta kile kiti, akaketi. "Haya, hebu niambie kwanza. Yamekupata yapi?"